Mpumuaji wa Niaba

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na hata wenyewe hawana hakika na la mwaka huu.

Katika nchi hiyo hewa ilikuwa safi. Haikuwa safi hivi hivi tu. Ilikuwa safi kwa mujibu wa sheria, iliyopitishwa bungeni kwa kura zote na kikohozi kimoja, na kikohozi chenyewe kikafutwa kwenye kumbukumbu. Kila asubuhi, kutoka kwenye mabomba ya moshi ya Kiwanda cha Saruji cha Taifa, kilishuka kitu cheupe kikatua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya uji wa watoto. Serikali ilikwisha kufafanua kwamba kitu hicho kinaitwa Ukungu wa Maendeleo. Aliyekiita vumbi alipelekwa kituoni akasahihishwe lugha.

Sasa, kwa kuwa hewa ilikuwa safi, hapakuwa na mfanyakazi wa kiwanda aliyeweza kufa kwa sababu ya hewa. Walikuwa wakifa kwa kuzama. Nyuma ya kiwanda palikuwa na bwawa la kupozea mitambo, na mwaka ule walikwisha kuzama humo watu kumi na mmoja, wote wanaume wazima, katika maji ambayo mbuzi alikuwa akivuka bila kulowa tumbo. Gazeti la serikali likatoa makala ndefu juu ya mapenzi ya ajabu waliyonayo watu wa saruji kwa maji.

Watu wakaanza kunong'ona. Serikali, ambayo masikio yake ndiyo kiungo chake chenye afya kuliko vyote, ikasikia, ikaunda Idara ya Mapafu ya Taifa na kuiagizia mashine. Na humo ndimo alimokuwa akifagia Sikudhani.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, kisomo chake darasa la saba, na hakuwa msemaji. Alichokuwa nacho ni macho. Angeweza kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya.

Mashine ile ilikuwa pete kubwa nyeupe, ndefu kuliko mtu, na kila mmoja akaiita Pete. Katikati yake palipita kitanda. Maiti alilazwa, kitanda kikaingia, Pete ikanguruma, na kwenye kompyuta mwili wa marehemu ukatokea slesi kwa slesi kama mkate, bila yeye kuguswa kisu. Fundi wa picha, Bwana Zahoro, mtu mwenye elimu na woga kwa vipimo sawa, alikuwa akisema hakuna siri ndani ya kifua cha mtu ambayo Pete haiioni. Alikuwa akisema hivyo kwa sauti ndogo.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Kitabu cha maelekezo cha mashine kiliandikwa kwa ajili ya wagonjwa walio hai. Kilisema kwamba kabla ya kupiga picha ya kifua fundi ataamuru: "Vuta pumzi. Zuia. Pumua." Idara ya Mapafu haikuwa idara ya kuruka maelekezo. Bwana Zahoro aliwaamuru marehemu wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kwenye Fomu Namba Arobaini, mahali palipoulizwa "Je, mhusika alitii amri?", akaandika ukweli: Hakutii.

Mkurugenzi wa Mapafu, Bwana Lukindo, alizipitia fomu zile mpaka mshipa wa paji ukamsimama.

"Mmoja akikaidi, nitaelewa," alisema. "Wawili, labda ni ugeni wa mashine. Kumi na mmoja mfululizo? Huo ni mgomo!"

Kikao kilikaa siku tatu. Kikaona kwamba, kwa kuwa marehemu hawaonyeshi ushirikiano, ateuliwe mtu wa kutii kwa niaba yao. Wakati huo huo Sikudhani akapita mlangoni na ndoo yake.

"Wewe! Unaweza kuvuta pumzi?"

"Naweza, Mkurugenzi."

"Na kuzuia?"

"Hiyo ndiyo nimeizoea zaidi, Mkurugenzi. Kwetu ni pale chini ya mabomba."

Akapewa beji ya kubandika kifuani: MPUMUAJI WA NIABA. Ndoo hakunyang'anywa. Wale kumi na mmoja, waliokuwa bado kwenye majokofu ya mochwari wakisubiri fomu zao zikamilike, wakarudishwa kwenye Pete. Sikudhani akasimama kichwani pa kila mmoja, akavuta, akazuia, akapumua. Safari hii fomu zote zikasema: Alitii. Mkurugenzi akatoa pongezi kwa marehemu kwa kujirekebisha.

Kazi ile ilikuwa na kusubiri kwingi, na Sikudhani alijua kusubiri. Alisimama nyuma ya kiti cha Bwana Zahoro akitazama slesi zikipita.

"Kweusi ni hewa, Siku," fundi alimwambia siku moja alipochoka kunyamaza. "Mtu aliyezama, mapafu yake huwa na wingu, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Kwenye koo utaona povu. Na haya matundu ya mifupa, huku nyuma ya pua, maji hutuama humo. Lakini usije ukadanganyika. Maiti akilala chali, damu hushuka upande wa mgongo, nako kunafanya wingu. Hayo si maji ya bwawa."

"Na hizi punje nyeupe, kama mchele uliomwagwa?"

Bwana Zahoro aliutazama mlango kwanza.

"Huo ni Ukungu wa Maendeleo."

"Mbona wote kumi na mmoja wanao, na matundu ya pua ni makavu?"

"Siku, mwanangu, ripoti zinakuja zimeshachapwa kutoka makao makuu. Neno 'Amezama' limo. Mimi najaza jina tu."

Sikudhani akachukua mopu yake. Hakuuliza tena, ila hakuacha kutazama.

Ukumbini kulikuwa na kitu kingine cha kutazamwa. Siku ya kuizindua Pete, Waziri wa Hewa na Pumzi, Mheshimiwa Gombeka, hakutaka kukata utepe kama mawaziri wa kawaida. Alilala mwenyewe kwenye kitanda, suti na yote, akapigwa picha. Slesi nzuri kuliko zote ikakuzwa ikawa na ukubwa wa dirisha, ikatiwa kwenye fremu ya dhahabu, ikatundikwa na maandishi chini yake: MAPAFU KIFANI YA RAIA. Kanuni ikatungwa kwamba pafu lolote katika nchi litalinganishwa na yale, na lisipofanana nayo, kosa ni la pafu.

Taabu ilikuwa kwenye kuifuta.

"Sikudhani!" Mkurugenzi alikuwa akipiga kelele kila Jumatatu. "Mapafu ya Waziri yana vumbi!" Kisha aligeuka huku na huku. "Ukungu, nimesema ukungu. Futa!"

Akafuta. Alifuta kwa kitambaa kikavu, akafuta kwa maji ya sabuni, akafuta kwa siki na gazeti la serikali, ambalo ndilo linalong'arisha kuliko yote. Vitone vyeupe vikabaki. Aliandikiwa barua ya onyo, akaandikiwa ya pili. Wiki ya sita alipanda juu ya stuli, akaweka kidole juu ya kitone kimoja, akakitazama kwa ubavu. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Kitone kilikuwa chini yake, ndani ya Mheshimiwa.

Akavihesabu, akashuka, akaenda kumwaga maji machafu.

Wiki ile ile akazama mtu wa kumi na mbili. Alikuwa Mzee Semkiwa, mpakizi wa saruji, na safari hii minong'ono ikawa mikubwa hata Serikali ikaona lazima itende haki. Ni kweli, ikakiri, mtu hawezi kuzama mwenyewe katika maji yanayoishia gotini. Kwa hiyo alizamishwa. Na aliyemzamisha ni Sufiani, kijana wa zamu moja naye, ambaye mashahidi walimwona akiwa amembeba mgongoni kuelekea zahanati, tena akiwa ameloa. Kwamba alikuwa ameloa jasho, hilo lilikuwa suala la kitaalamu. Mwendesha mashtaka akaomba vifungo viwili vya maisha, cha pili kianze mara cha kwanza kitakapokwisha.

Sufiani alikuwa kaka yake Sikudhani, tumbo moja.

Alimpelekea chakula mahabusu, wali na maharage kwenye bakuli la plastiki. Askari akapekua maharage moja moja.

"Umesikia, mdogo wangu?" Sufiani alisema, akijitahidi kucheka. "Nimemzamisha mtu kwenye maji ya kunawia miguu. Mimi ni hatari."

"Kula kwanza."

"Alinifia mgongoni, Siku. Nilikuwa namsimulia kile kichekesho cha kuku wa mjumbe. Mzee alikuwa anacheka vichekesho vyangu vyote, hata vibovu. Nikafika mwisho, nikaona hacheki." Akageuka pembeni akakohoa, kikohozi kirefu, na askari akajifanya kusoma ukuta.

"Alianza lini kuumwa?"

"Miaka mitano hivi. Kwanza aliacha kuimba kazini. Halafu akawa anasimama katikati ya maneno, unadhani kamaliza, kumbe anatafuta pumzi. Halafu ngazi zikamshinda."

Sikudhani aliyachukua maneno yale akayaweka mahali pake. Alikwisha kumsikia mtu mwingine anayesimama katikati ya maneno.

Kesho yake Mzee Semkiwa akaletwa kwenye Pete. "Vuta pumzi," Bwana Zahoro aliamuru, na Sikudhani akavuta kwa niaba ya mzee aliyekuwa akicheka vichekesho vibovu. "Zuia." Slesi zikaanza kupita. Koo lilikuwa kavu, halina povu. Matundu ya nyuma ya pua yalikuwa meusi, matupu. Mapafu hayakuwa na wingu, ila lile la mgongoni la kila maiti. Na kote, juu mpaka chini, mchele.

Bwana Zahoro akavuta ripoti iliyokwisha chapwa, akafungua kalamu.

"Bwana Zahoro. Aliyeshtakiwa ni kaka yangu."

"Najua, Siku." Aliutazama mlango tena. "Na mimi nina watoto watatu."

"Sikulaumu. Nauliza tu: kanuni si inasema picha ya marehemu ioneshwe barazani pembeni ya Mapafu Kifani?"

"Inasema. Hakuna aliyewahi kuifuata, maana fremu ni nzito."

"Nitaibeba mimi."

Baraza la Pumzi, lenye kuamua kesi ya Sufiani, lilikaa pale pale ukumbini, na Mheshimiwa Gombeka mwenyewe akiongoza. Magazeti yalikuwa yakimsifu siku hizo kwa hotuba zake fupi. Alikuwa akisema maneno matano, akinyamaza, na kila aliponyamaza watu walipiga makofi wakidhani ni mkazo.

"Ndugu wananchi, Serikali yetu haimwonei..." akanyamaza. Makofi. "...mtu yeyote. Na pumzi ya raia..." Makofi marefu, Waziri akayapokea kwa shukrani ya kweli, huku mabega yakimpanda na kushuka. "...ni mali ya Taifa."

Mjane wa Mzee Semkiwa akainuka bila kuruhusiwa. Mtoto wa mjini, hana haya.

"Mheshimiwa, mume wangu kwenye bwawa lile hata miguu hakuwahi kunawa, alisema maji yanabandua ngozi! Leo mnaniambia kaenda kuogelea?"

"Mama, kaa chini," alisema Mkurugenzi. "Unaongea kwa uchungu."

"Niongee kwa nini, kwa kinanda?"

Watu wakacheka. Waziri akagonga meza, akaagiza picha ziletwe. Ya marehemu ikawashwa ukutani. Sikudhani akaja na fremu ya dhahabu mikononi, akaiegemeza pembeni yake, akarudi nyuma.

Hapo hata asiyejua lolote aliona. Mchele huku, mchele kule. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Waziri akakunja uso, akamgeukia Mkurugenzi.

"Bwana Lukindo! Ya marehemu sijui, lakini yangu mbona... mbona haikufutwa?"

Mkurugenzi akatoa jasho. "Ni mfagizi, Mheshimiwa! Ana barua mbili za onyo! Sikudhani, futa mapafu ya Mheshimiwa, sasa hivi, mbele ya Baraza!"

Sikudhani akachomoa kitambaa kiunoni. Akafuta taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama alivyofundishwa. Vitone vikabaki. Akakipulizia kioo pumzi, akafuta tena. Vikabaki.

"Kwa nguvu!" alisema Mkurugenzi.

"Nikizidisha nitakivunja, Mkurugenzi. Niruhusu nikiondoe."

Akafungua vijisumari vinne nyuma ya fremu, akakitoa kioo kizima, akakiinua juu kuelekea dirishani ili kila mtu akione. Kilikuwa kinang'aa kama hakipo. Kisha akakilaza chini, akabaki amesimama pembeni ya picha isiyo na kioo, na vitone vyote vilikuwa pale pale.

Hakuna aliyekohoa, ingawa wengi walitaka.

Aliyeharibu mambo ni Bwana Zahoro. Labda ni elimu iliyomzidi woga kwa nukta moja. Alisema, kwa sauti ndogo ile ile, lakini ukumbi ulikuwa kimya mno: "Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni, kama hii ndiyo picha ya mtu aliyezama, basi... na wewe umezama."

Waziri akaahirisha kikao kwa dakika kumi. Akamwita Sikudhani peke yake kwenye chumba cha Pete, akafunga mlango, akaketi kwenye kile kitanda. Bila makofi ya kumpumzisha, alionekana mtu mzee.

"Binti. Wewe umeona wengi."

"Kumi na wawili, Mheshimiwa."

"Huyu mzee... tangu alipoanza kukohoa... mpaka..." Hakumaliza, na safari hii si kwa kukosa pumzi.

Sikudhani alilisubiri swali lile tangu siku ya stuli. Alimhurumia kidogo, jambo ambalo hakulitarajia.

"Mimi namjua alipokwisha kuwa maiti, Mheshimiwa. Anayejua safari yake yote, hatua kwa hatua, ni mmoja tu, aliyefanya naye kazi. Lakini huyo yuko mahabusu."

Waziri alimtazama kwa muda mrefu, naye akatazamwa.

"Na wewe unataka nini?"

"Kaka yangu. Na Pete hii, Mheshimiwa, iwe inawapiga picha watu wangali wanapumua."

Baraza liliporudi, hukumu ilisomwa kwa dakika moja. Ilionekana, baada ya uchunguzi wa kisayansi, kwamba Mzee Semkiwa hakuzama wala hakuzamishwa. Alifariki kwa kuacha kupumua, kitendo alichokifanya mwenyewe bila kushirikiana na mtu yeyote. Sufiani akaachiwa huru. Mjane akapewa mume wake akamzike, na wale wengine kumi na mmoja nao wakatoka majokofuni siku ile ile. Kuhusu hewa, Serikali ilisisitiza kwamba ni safi kama kawaida, na ndiyo maana Wizara nzima ilihamia mlimani, upande ambao upepo hautokei kiwandani, ili hewa safi ibaki yote kwa wananchi.

Kiwanda hakikufungwa. Lakini ahadi moja ilitimizwa, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa anaihitaji mwenyewe. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, Pete ilifunguliwa kwa walio hai. Foleni ya watu wa saruji ilitoka chumbani ikapita ukumbini, ikapita pale palipobaki msumari mtupu wa fremu, ikafika getini. Sufiani alikuwa wa nne, akiwasimulia wenzake kichekesho cha kuku wa mjumbe. Gari la Waziri likaja, naye akaingia mbele ya foleni bila kuuliza, maana mageuzi lazima yaanze mahali fulani, lakini si hapo.

Akalala kitandani. Pete ikaanza kunguruma.

"Vuta pumzi," aliamuru Bwana Zahoro.

Mheshimiwa Gombeka akavuta, ikakatika njiani. Akajaribu tena. Akageuza kichwa, akaiona ile beji kifuani pa Sikudhani, na macho yake yakapata tumaini.

"Binti," alisema, "nishikie pumzi."

"Kwa maiti naweza, Mheshimiwa," Sikudhani alimjibu kwa upole. "Wewe bado unazo zako."

"Zuia," alisema Bwana Zahoro.

Na hapo foleni nzima, kutoka chumbani mpaka getini, ikanyamaza. Kichekesho kikakatika katikati. Wanaume wote wakazuia pumzi pamoja na Waziri, na haikuwa kwa heshima. Kila mmoja alikuwa akijipima.

Sikudhani hakumtazama Waziri. Alimgeukia kaka yake, aliyekuwa wa nne, mashavu yamejaa kama mtoto anayecheza, na kimoyomoyo akaanza kumhesabia.